Kurusha droni Lamu: anza na hesabu ya kurudi

Nyuma ya nyumba za ghorofa za Shela, mwezi wa Julai saa nne asubuhi, unaweza kudhani kusi, upepo wa kusini, imelala. Makuti ya mnazi yanatikisika kidogo tu, vumbi halisogei. Ukiinua droni mita tano inatulia kama kikombe mezani. Ipandishe mita hamsini, kisha uitazame yenyewe badala ya skrini: imeinama upande mmoja, mota zinalia kwa sauti kali zaidi, inapambana isichukuliwe. Kuta zilikuwa zimekukingia upepo. Juu ya mapaa hakuna cha kukinga.

Kwenda, droni yoyote inakwenda. Shughuli ni kurudi, na ikishindwa kurudi hapa kwetu inaangukia maji, mikoko au paa la mtu.

Tuchukue DJI Mini 3, kwa kuwa ni ndogo na inaingia kwenye mkoba wa begani. Uzito wake hauzidi gramu 249. Watengenezaji wanasema inastahimili upepo wa hadi mita 10.7 kwa sekunde. Pasipo upepo, swichi ikiwa kwenye N (mwendo wa kawaida) inakwenda mita 10 kwa sekunde, na kwenye S (mwendo wa kasi) inafika mita 16. Sasa kusi inavuma mita 8 kwa sekunde, nawe umeiachia droni ifuate upepo mita 800. Imefika upesi, umepiga picha, umefurahi. Kurudi kwa N imebakiwa na mita 2 tu kwa sekunde: hizo ni sekunde 400, karibu dakika saba. Kwa S imebakiwa na mita 8, yaani sekunde 100. Ikija dharuba ya mita 10, kwenye N haisogei kabisa. Inakimbia papo hapo huku betri ikiteremka.

Ndiyo maana kitufe cha H, kile cha kuiita irudi yenyewe, si cha kutegemewa peke yake. Ukikibonyeza, droni kwanza hupanda hadi urefu wa kurudia uliouweka, ambako upepo una nguvu zaidi, halafu ndipo huanza safari kwa mwendo wake wa kawaida. Ukiona umbali kwenye skrini haupungui, au unapungua mita moja moja, katiza huko kurudi. Hakikisha hakuna mlingoti wala mnazi njiani, ishushe hadi mita 15 au 20 juu ya maji, geuza pua ielekee kwako (mshale kwenye ramani utakuonyesha), tia S, sukuma kijiti mbele. Upepo wa chini ni mdogo kuliko wa juu. S inakula betri haraka lakini inakufikisha. N inakula polepole bila kukufikisha popote.

Bora zaidi usifike hapo. Nahodha wa mashua anajua kwamba kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo, ni kazi ya mtu mwenye nguvu bado, si ya mwisho wa siku. Droni vilevile: nenda joshini kwanza, upepo unakotoka, betri ikiwa imejaa, kisha rudi ukisukumwa. Kuanzia takriban Aprili hadi Septemba au Oktoba, kusi ikivuma, ukiwa gatini mwa mji anza kwa upande wa Shela, yaani kusini. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, anza kwa upande wa kaskazini mwa mkondo wa bahari ulio mbele ya mji. Katika tanga mbili, kati ya misimu hiyo, upepo hubadilika mchana huohuo, kwa hiyo usikariri. Angalia upya kabla ya kila betri. Ufuo wa Shela una faida yake wakati wa kusi: upepo unatoka baharini, hivyo droni ikizidiwa inasukumwa kuja nchi kavu. Hatari hapo ni kwenda kupiga picha za vilima vya mchanga na kujisahau, maana huko upepo uko nyuma ya droni wakati wa kwenda na usoni wakati wa kurudi.

Utabiri wa upepo kwenye simu kwa kawaida ni wa mita 10 kutoka ardhini, si wa mita 60 unakotaka kuruka, na namba ya kusoma ni ile ya dharuba, si ile ya wastani. Bahari yenyewe inasema kweli zaidi. Mapovu meupe yakiwa mengi kiasi, upepo uko kati ya mita 6 na 8 kwa sekunde. Yakienea kote, umeshavuka 8 na unakaribia ile 10.7 iliyoandikwa kwenye karatasi, na droni ndogo ikae mkobani. Mara nyingi dirisha zuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu. Mwanga nao ni mzuri wakati huo, na njia hazijajaa watu.

Kabla propela hazijazunguka

Usirushie kichochoroni. Kati ya kuta mbili za mawe ya matumbawe droni inaona kipande chembamba cha anga, satelaiti haziitoshi, na haijui iko wapi. Paa la zege nalo lina ubaya wake: nondo zilizomo zinaipotosha dira. Vivyo hivyo mabati, injini ya boti, spika, na hata saa yenye sumaku ukiwa umeivaa wakati wa kusawazisha dira. Dalili ya dira iliyopotoshwa ni kwamba droni ikiachwa hewani inaanza kuchora duara, kwanza dogo, kisha kubwa. Ukiliona duara hilo, usiguse H, kwa sababu unaiomba irudi nyumbani ilhali haijui upande. Iendeshe kwa mkono, itue, hamia mahali pengine.

Washa rimoti, kisha droni. Toa kikinga kamera kwanza. Gimbali, yaani kishikio kinachotuliza kamera, ikijaribu kujisawazisha huku imefungwa inajichosha, na utapata onyo la hitilafu. Subiri hadi programu itangaze kwamba nyumbani (mahali droni itakaporudi) pamehifadhiwa, kisha fungua ramani na uhakikishe alama ya H iko uliposimama. Watu huruka kabla ya tangazo hilo kwa kuwa wana haraka ya jua kuchomoza. Droni basi inahifadhi nyumbani pale itakapopata satelaiti za kutosha, ambapo huenda ni katikati ya mkondo.

Pandisha mita mbili au tatu, achia vijiti, hesabu hadi thelathini. Ikitulia, jaribu kila upande kidogo. Ikiteleza yenyewe, shusha.

Urefu wa kurudia hauwekwi kwa kubahatisha. Mnazi mrefu unaweza kuvuka mita 25, na mnara wa simu unaupita kwa mbali. Kuna njia rahisi ya kupima: ukiwa mbali na mnara, laza kamera sawasawa, nyuzi sifuri, panda polepole hadi ncha ya mnara ikutane na mstari ambapo bahari na mbingu vinagusana. Hapo droni iko urefu mmoja na ncha hiyo. Soma namba, ongeza mita 15, hiyo ndiyo ya kuweka. Ukiweka kubwa mno unaipeleka kwenye upepo bure. Ukiweka ndogo, Mini 3 haina vihisi vya mbele na itaufuata mstari wake hadi ndani ya mnazi. Hata droni zenye vihisi hivyo haziaminiki mbele ya waya mwembamba au kamba.

Kumbuka pia kwamba sifuri ya droni ni pale ilipoondokea. Ukirusha kutoka juu ya nyumba ya ghorofa tatu, skrini ikisoma mita 5 uko kama mita 15 au zaidi kutoka njiani, na ukishuka kufuata mashua itasoma namba hasi. Hilo halina ubaya ukilijua.

Mipangilio ina swali la nini kifanyike mawasiliano yakikatika: kurudi, kuganda hewani, au kutua. Juu ya bahari, kutua ni kuzama. Acha kwenye kurudi, isipokuwa ukiwa chomboni, na hilo tutalifikia.

Propela zipitishe ukucha kwenye kingo zake. Ufa unaoukwaa ukucha ni wa kubadilisha, hata kama macho hayauoni. Kwenye Mini kila jani linashikwa na skrubu yake, na mikono miwili imetiwa alama: propela zenye alama zinakwenda kwenye mikono yenye alama. Ukizikosea, droni inapinduka palepale inapojaribu kuinuka. Tumia skrubu mpya zilizokuja na propela mpya, kwa kuwa za zamani gundi yake imeshakwisha na zitalegea. Halafu zungusha kila mota kwa kidole, taratibu. Ikikwaruza, kuna mchanga ndani. Mchanga wa Shela ni mwembamba na unapanda kwa upepo wa propela zenyewe, kwa hiyo usirushie juu ya mchanga mtupu. Ubao mpana unatosha. Mkeka mwepesi utapeperuka uingie kwenye propela usipoutia uzito kwenye pembe. Sinia la chuma hapana, dira italalamika.

Juu ya maji na juu ya chombo

Tumboni mwa droni kuna vihisi vinavyotazama chini na kulinganisha picha ili ijishikilie mahali. Maji yanayosogea na kumetameta yanavichanganya. Ukishuka hadi mita moja au mbili juu ya mkondo, droni inaweza kuanza kufuata mawimbi au kukosea urefu wake. Baki mita 5 na kuendelea, picha haitaharibika.

Kufuata mashua iliyotweka tanga ni tamaa ya kila mwenye droni, na kwa haki yake, maana hakuna picha inayozidi hiyo Lamu. Lakini tazama chombo kabla ya kukikaribia. Juu ya mlingoti kuna foromali, boriti ndefu inayobeba tanga, na ncha yake inapita mbali nje ya chombo. Nahodha akigeuza tanga, foromali inahama upande mzima kwa ghafla. Kamba zake vihisi havizioni. Upande wa demani, nyuma ya tanga, hewa imevurugika na droni ndogo inadondoka mita kadhaa bila wewe kugusa kitu. Kaa joshini, juu kidogo ya ncha ya foromali, na mwambie nahodha mapema ili asishangae.

Ukirusha kutoka ndani ya chombo, nyumbani panabaki pale chombo kilipokuwa, nawe umeshachukuliwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, maji ya mkondo yanakwenda kasi, na kwa dakika kumi unaweza kuwa mbali vya kutosha kwamba H itaipeleka droni ikatue juu ya maji matupu. Kwa hiyo kila dakika mbili tatu badilisha mahali pa nyumbani kuwa pale rimoti ilipo, programu ina nafasi ya kufanya hivyo, na mawasiliano yakikatika ni afadhali igande hewani kuliko irudi. Wewe ndiye utakayeisogelea kwa chombo. Kuipokea, shusha tanga, simamisha mtu mmoja asiye na kazi nyingine, avae glovu na miwani. Anyooshe mkono juu ya kichwa, ashike mwili wa droni kutoka chini. Vihisi vikiuona mkono vitajaribu kuikimbiza juu. Rubani abane kijiti cha kushuka hadi mota zizime, na mwenye kushika asiachie kabla ya hapo. Kama bahari imechafuka kiasi cha mtu kushindwa kusimama, haikupaswa kuruka.

Betri: ile dakika 38 iliyoandikwa ni ya hewa tulivu. Kwenye kusi hesabu 20 hadi 25. Ikifika asilimia 50 uwe umeshageuka, ikifika 30 uwe juu ya nchi kavu. Ikishuka mno droni itaanza kutua yenyewe popote ilipo, na huwezi kukatiza. Unachoweza ni kusukuma kijiti cha kupanda ili ishuke polepole, huku ukiielekeza ufukweni kwa kijiti kingine. Watu wengi wakipatwa huachia vyote kwa hofu, na hapo ndipo inapozama.

Ikiangukia mikokoni, usikimbilie matope. Piga picha ya skrini yenye mahali pa mwisho, kisha tumia sehemu ya kutafuta droni, ambayo huifanya ilie na kuwaka taa betri ikiwa bado ina uhai. Tazama maji. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na kama maji yameshaanza kupanda muda wako ni mfupi zaidi. Tafuta mvuvi wa hapo. Anajua njia za matope na wewe huzijui.

Ruhusa, hodi na kunguru

Kanuni za Kenya za 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) na mmiliki awe ametimiza miaka 18. Mwisho wa urefu ni futi 400, karibu mita 120 kutoka ardhini. Usiende ndani ya mita 50 ya mtu, gari au jengo lisilo chini ya usimamizi wako. Ule utetezi wa "yangu haifiki gramu 250" umetoka kwenye sheria za Marekani na kwingineko. Kuiingiza nchini nako kunahitaji idhini, kwa hiyo mgeni wako aitafute kabla ya kupanda ndege, na betri azibebe mkononi, si kwenye mzigo unaopelekwa tumboni mwa ndege.

Kinachowashangaza watu ni uwanja wa ndege. Pasipo ruhusa, kanuni zinakuweka kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa na 7 kutoka vidogo. Uwanja wa Manda uko ng'ambo tu ya mkondo, unauona ukiwa gatini. Mji wa Lamu na Shela zote zimo ndani ya duara hilo, upende usipende, na mji wa Malindi vilevile kwa uwanja wake. Maana yake hapa hakuna "naruka kidogo tu". Ruhusa inaombwa mapema, kwa mahali, tarehe na urefu. Hata ukiwa nayo, ukisikia ndege ya propela inakuja, shuka kwanza, uliza baadaye. Hifadhi ya baharini ya Malindi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na Ngome ya Lamu iko chini ya Makavazi ya Kitaifa. Kila mmoja ana ruhusa yake. Lamu ina kambi za jeshi na bandari ya Kililana. Kamera isielekee huko hata kwa bahati mbaya.

Halafu kuna ruhusa isiyoandikwa. Nyumba ya Lamu imefunga mlango wake kwa njia na kujifungulia juu: ua wa ndani na paa ndipo wanawake wanapokaa wazi, wanapoanika nguo, wanapopumzika jioni. Mtu akifika mlangoni hupiga hodi. Droni haipigi hodi. Ongea na wazee wa mtaa siku moja kabla, sema saa na njia utakayopita, ruka juu ya gati na maji badala ya mapaa, na ukimaliza waonyeshe picha. Wakati wa sala usiwe karibu na msikiti. Mlio wa Mini unasikika vizuri mno kwenye vichochoro vilivyonyamaza.

Punda aliyebeba mawe akishtuka anaangusha mzigo, na njia ni nyembamba. Usishuke chini ya mita 30 palipo na punda.

Kunguru ni suala jingine. Wanakuja wawili watatu, wanaizunguka, mmoja anajaribu kuigonga. Mwewe huja peke yake, kutoka juu. Usishuke kuwakimbia, kwa kuwa wao wanashambulia kwa kushuka. Panda moja kwa moja hadi waachane nayo, sogea pembeni, kisha rudi kwa njia nyingine. Wakirudi tena, siku ya kazi imekwisha.

Chumvi na moto

Hewa ya chumvi inaua droni kimyakimya, kuanzia kwenye meno ya betri na mota. Jioni, zima kila kitu, toa betri, futa mwili kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Mota usizipulizie mafuta yoyote. Mafuta hukamata mchanga. Hifadhi kwenye kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ikizama baharini, itoe betri mara moja, usijaribu kuwasha "kuona kama iko hai", suuza droni kwa maji yasiyo na chumvi na uiache ikauke siku kadhaa kabla fundi hajaifungua. Betri iliyokunywa maji ya chumvi haina fundi.

Betri iliyotoka kuruka ni moto. Iache ipoe kabla ya kuchaji, na isichajiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40. Kama hutairusha wiki hiyo, iache karibu asilimia 50, si ikiwa imejaa. Na usichaji kamwe chini ya paa la makuti, wala usiku ukiwa umelala. Betri za aina hii zikishika moto zinawaka kwa nguvu na kurusha cheche, na makuti yaliyokauka hayangoji mara mbili. Chaji kwenye sakafu ya saruji au kwenye sufuria tupu, mbali na mikeka na mapazia, ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Umeme ukiwa unakatika na kurudi, chomoa. Ule unaorudi kwa kishindo ndio unaoharibu chaja. Betri iliyovimba, hata kidogo tu, hata kama bado inaingia mahali pake ukiisukuma, itolewe nje kwenye mchanga, na isilale ndani ya nyumba.